Maswali ya Wasomaji: Kupima Draivu ya Kuandikia DVD

SWALI: Ndugu Mhariri, ninarekodi video za arusi hapa Jinja na kuwapa wateja katika DVD. Draivu yangu imeandikwa 16x, lakini naona inachelewa, na baadhi ya diski hukwama katika deki za wateja. Nitapimaje uwezo wake?

JIBU: Ndugu msomaji, 1x ya DVD ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde, hivyo 16x hukaribia megabaiti 22. Hata hivyo kasi hiyo hufikiwa ukingoni mwa diski tu, kwa sababu diski huzungushwa kwa mwendo usiobadilika, na kule ndani, ambako uandikaji huanzia, kasi huwa kama 6x. Ndiyo maana diski ya gigabaiti 4.7 huchukua dakika 6 hivi hata draivu ikiwa nzima. Nero DiscSpeed ni programu inayochora grafu ya kasi wakati wa kuandika: mstari unaopanda taratibu ni dalili njema, ilhali unaoporomoka mara kwa mara huweza kuonyesha kwamba data haifiki kwa wakati, pengine kwa kuwa kompyuta imeelemewa na programu nyingine.

Mimi ningejali zaidi usomekaji. Pima kasi ya kusoma diski nzima, ikiwezekana katika kompyuta nyingine, kisha rudia kwa diski ya aina ileile iliyoandikwa kwa 8x. Hiyo ikisomeka vizuri zaidi, baki hapo. Umeme ukiyumba, usianze kuandika bila UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika), kwani DVD-R, yaani diski inayoandikwa mara moja tu, iliyokatizwa katikati kwa kawaida huwa imeharibika.