Kwa anayeanza kusoma historia ya Potosí

Wengi wanaoanza kusoma habari za miji ya fedha (madini, si pesa) huja na jibu mkononi: mji ulipanda, madini yakaisha, mji ukafa. Ukiwa na haraka hiyo, Potosí itakusumbua, maana ilianguka na kuinuka zaidi ya mara moja. Anza na mawe. Uliza yalikuwa ya namna gani na yalisafishwa vipi.

Fedha ya mlima Cerro Rico, ulio juu ya mji wa Potosí katika Bolivia ya leo, iligunduliwa na Wahispania mwaka 1545. Mawe ya juu yalikuwa na fedha nyingi mno, na wenyeji wa Andes waliyayeyusha wenyewe katika tanuri ndogo za upepo zilizoitwa guayra. Mawe hayo yalipopungua katika miaka ya 1560, uzalishaji ukashuka, ingawa mlima bado ulikuwa na fedha tele. Tatizo ni kwamba mawe yaliyobaki hayakufaa kwa tanuri zile. Katika miaka ya 1570, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, Francisco de Toledo, akasimamia njia nyingine: kusaga mawe yawe unga, kisha kuyachanganya na zebaki kutoka Huancavelica, katika Peru ya leo, ili inase fedha. Hata mawe yaliyokuwa yametupwa yakawa mali.

Hapa nakuomba usipite haraka. Vinu vilihitaji maji, kwa hiyo yakajengwa mabwawa juu ya mji. Mwaka 1626 moja lilipasuka, likaua watu wengi na kubomoa vinu. Vilihitaji pia watu. Kwa utaratibu wa kazi ya lazima ulioitwa mita, wanaume zaidi ya 13,000 kwa mwaka walilazimishwa kutoka vijiji vya nyanda za juu kuja kufanya kazi Potosí, kwa zamu. Kila uonapo mstari wa uzalishaji ukipanda, weka hesabu hiyo kando yake. Mimi siwezi kuita miaka hiyo ya neema bila kusema ni neema ya nani.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: takwimu nyingi tulizo nazo ni za fedha iliyolipiwa kodi. Mfalme alichukua sehemu moja ya tano, na iliyopita kwa magendo haimo. Mwaka 1736 kodi ilishushwa hadi sehemu moja ya kumi, na katika miongo iliyofuata fedha iliyoandikishwa ikaongezeka. Kabla ya kuandika kwamba mgodi ulifufuka, tenganisha mambo mawili: mawe yaliyochimbwa zaidi, na mawe yaliyoacha kufichwa. Tazama pia kama wachimbaji wa zamu walibebeshwa kazi kubwa kuliko zamani. Hapo ndipo utapata sehemu kubwa ya maelezo.

Na usifunge daftari fedha inapopungua. Baadaye madini ya bati yaliushikilia mji, na Cerro Rico unachimbwa hadi leo.