Maneno ya wimbo yakizidi mstari, usirudie w:

Wengi tunaonakili nyimbo za kwaya hapa Uganda tumelelewa na solfa, noti za do-re-mi. Kwenye solfa mstari ukiisha ni karatasi imeisha, basi. Ukihamia ABC, yaani kuandika noti kwa herufi kwenye faili la kompyuta ili programu izichore, zoea jambo moja mapema: kuteremka mstari ni amri. Unapokata mstari wa noti kwenye faili, programu nayo itakata mstari wa stafu (ile mistari mitano ya noti) kwenye karatasi.

Hutaki ukatwe? Malizia mstari wa noti kwa alama \ na utaunganishwa na unaofuata. Angalia tu kwamba huunganishwa kweli kweli: kama umekatia katikati ya bari, noti mbili za nusu pigo zilizokuwa mbalimbali zitafungwa mkia mmoja. Acha nafasi kabla ya \ au mwanzoni mwa mstari wa pili.

Kilichoniumbua mimi ni maneno. Nilikuwa nanakili wimbo wa mavuno kwa kwaya moja ya Jinja, mstari wa maneno, ule unaoanza na w:, ukawa mrefu, nikateremka nikaandika w: nyingine. Sikujua kuwa w: mbili zikifuatana chini ya noti zilezile, ya pili ni ubeti wa pili! Nikatoa nakala 40 bila kukagua. Jioni soprano wanaimba "leo tunashangilia", alto wanaanza na "mavuno", na mwalimu wa kwaya ananitazama mimi.

Ilitakiwa iwe hivi:

G A B G|c B A G|A B c A|B2 G2|
w: le-o tu-na-sha-ngi-li-a
+: ma-vu-no ya mwa-ka

Alama +: ya kuendeleza maneno huanza mstari unaofuata, haikai mwisho wa uliotangulia kama \. Ndivyo ilivyo tangu toleo 2.1 la Desemba 2011. Mafaili ya zamani utayakuta yameendeleza hata maneno kwa \, kwa hiyo ukirithi faili la mtu usilishangae, libadilishe.

Kurudia w: kuna mahali pake. Wimbo wa taifa letu una beti 3: andika noti mara moja, halafu w: tatu chini yake, kila ubeti na wake.

Hesabu silabi kwa sikio, si kwa macho. "Mtoto" ni m-to-to, ile m inadai noti yake. Mwalimu akitaka "ya" na "mwa" ziimbwe kwa noti moja, ziunganishe kwa ~, yaani ya~mwa-ka; silabi ikivutwa hadi noti inayofuata, weka _ .

Na usiache mstari mtupu katikati ya wimbo ili faili lipendeze. ABC huuhesabu kuwa wimbo umekwisha, na kiitikio chote kilicho chini yake hukioni kwenye karatasi. Ukitaka kutenganisha sehemu, weka % peke yake kwenye mstari huo.