Mwanangu anamzika mdoli kila siku

*Shikamoo Mama. Niko eda. Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda, aligongwa na lori barabara ya Segera. Ameniachia mtoto mmoja, wa kike, miaka sita. Siku ya msiba tulimpeleka kwa jirani, tukamwambia baba amesafiri. Sasa kila akitoka shule anamvika mdoli kitambaa cheupe, anamlaza kwenye boksi la viatu na kumzika nyuma ya jiko. Kesho yake anamfukua. Anamchora baba yake yuko juu ya pikipiki, hana miguu. Juzi kachukua kopo la mafuta, anaongea nalo kama simu, ananiambia baba kasema anakuja Ijumaa. Mama mkwe anasema huu ni uchuro, utatuitia msiba mwingine. Picha kazitia motoni, na anataka tumpeleke mtoto kwa mganga. Nifanye nini? Mjane, Muheza.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nianze na la mganga, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usimpeleke. Mtoto wako haumwi wala hajapandisha kitu. Anaomboleza, ila anaomboleza kwa mikono. Nyinyi wakubwa mlikuwa na tanga lenu: mlikaa mkekani mkalia, mkasoma hitima, watu wakaja na pole zao na kilo za mchele. Wewe una eda yako, miezi minne na siku kumi, na kila anayeingia hapo ndani anajua umefiwa. Yeye alipata nini? Alipata chai kwa jirani na safari isiyokuwepo. Basi kaandaa msiba wake, na sanda kaikata mwenyewe.

Hebu utazame vizuri huo mchezo. Anazika, kisha anafukua. Mtoto wa miaka sita mara nyingi bado hajashika kwamba aliyekufa harudi. Wengi hulielewa sawasawa wakifika kama miaka saba, wengine baadaye kidogo. Nyinyi mmemwambia baba kasafiri, na msafiri hurudi. Bila shaka huko nje watoto wenziwe wanamwambia baba yake kazikwa. Habari hizo mbili hazipatani, kwa hiyo anazipima kule nyuma ya jiko: aliyezikwa hutoka? Mdoli hutoka kila siku, kwa nini baba asije Ijumaa?

Kwa hiyo kabla ya rangi na karatasi, mpe ukweli. Mkalishe, mshike mkono, umwambie kwa maneno mafupi: "Baba aligongwa na lori. Mwili wake ukaacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hasikii maumivu. Baba amekufa, hatarudi. Tulikwambia amesafiri kwa sababu tuliogopa utalia. Si kosa lako." Hilo la mwisho usiliache. Watoto wa umri huu hujibebesha mambo makubwa; huenda asubuhi ile alimnunia baba yake, na hadi leo anaamini nuna yake ndiyo iliyoleta lori. Usimwambie baba amelala, ataogopa kitanda. Usimwambie Mungu kampenda zaidi, atakaa akihofia siku Mungu atakapokupenda wewe. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, swali lilelile. Jibu vilevile. Ukilia mbele yake, lia tu, umwambie unalia kwa sababu umemkumbuka baba.

Sasa hizo picha. Mtafutie daftari kubwa na penseli za rangi. Hela ikikosekana, mkaa juu ya sakafu ya simenti unatosha, na udongo wa mtoni anaweza kufinyangia pikipiki nzima. Kaa naye mkekani baada ya alasiri. Usimwagize cha kuchora wala usimsahihishe. Akimaliza, sema tu, "Hebu nihadithie hii picha," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, najua, sisi akina mama tuna haraka ya kufariji. Labda atakwambia hii ni koti la baba la kung'aa, huyu mbwa alikuwa anabweka, hapa ndipo lori lilipotokea. Labda hatasema kitu, atakimbilia kuruka kamba. Watoto huhuzunika kwa vipande, dakika tano machozi, dakika ya sita kicheko. Hiyo haina maana kwamba kamsahau baba yake.

Na miguu? Sijui kwa nini hakuichora, na wewe hujui, na atakayekwambia anajua anakupigia ramli. Pengine kasikia watu wakiisimulia ajali, pengine pikipiki imeiziba, pengine karatasi iliisha. Muulize yeye. Siku hizi kuna watu wakiona mtoto katumia rangi nyeusi washatoa hukumu, kumbe ndiyo penseli pekee iliyokuwa na ncha.

Ile simu ya kopo usimnyang'anye. Ila usiipokee ukajifanya baba, hata akikuomba kwa machozi. Utakuwa umemrudisha kwenye ile safari ya uongo. Mwambie, "Baba hawezi kujibu, lakini wewe unaweza kumwambia unachotaka." Usikilize atakachosema kwenye hilo kopo. Mengi ambayo hatakwambia wewe atayasema humo.

Mama mkwe wako usigombane naye. Yule mama kamzika mwanawe, na kila akiona kijisanda cha mdoli anaiona ile nyingine. Mwambie taratibu, kwa heshima, kwamba Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na wadoli wake na Mtume hakumkataza. Mkumbushe yule mtoto Abu Umair, ndege wake mdogo alipokufa: Mtume alimkuta kanuna, akamuuliza habari za ndege wake, kwa utani na upole. Hakumwambia anyamaze, wala hakusema kumtaja aliyekufa ni uchuro. Na picha zilizochomwa, mtoto aelezwe kwamba bibi aliogopa, hakukasirika. Itapendeza zaidi akielezwa na bibi mwenyewe.

Kisha mpe bibi kazi, maana anayo hazina ambayo wewe huna. Usiku aseme "Paukwa!", mtoto aitikie "Pakawa!", halafu ahadithie. Aanze na sungura na fisi, na ndani yake amwingize mtoto wa sungura aliyempoteza baba yake. Amwachie mjukuu aseme huyo sungura mdogo alifanya nini baadaye. Mtoto asiyeweza kusema "naogopa" atasema kwa urahisi kwamba sungura anaogopa. Usiku mwingine amsimulie baba alipokuwa mdogo: aliiba embe la nani, alianguka mti gani, aliogopa nini.

Hayo ya bibi yaandike. Kule Uganda, ukimwi ulipokuwa unaua wazazi kwa wingi, akina mama wenye virusi wa chama cha NACWOLA waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, mama akiwa bado hai: ukoo wetu ni huu, ulizaliwa hivi, mimi nilipenda hiki. Baba wa mwanao hakupata nafasi hiyo, lakini nyinyi mnaweza kumwandikia. Chukua daftari, mtoto achore ukurasa huu, wewe na bibi muandike ule wa pili. Weka na kofia yake au shati moja ambalo hujalifua. Harufu hiyo mtoto ataitaka siku moja.

Kukojoa kitandani, kukung'ang'ania, kuongea kama mtoto mchanga, hayo yakitokea mpe muda, yasikutishe. La kushtukia ni akikataa kula au kukosa usingizi wiki baada ya wiki, akiacha kabisa kucheza, akijiumiza, au akisema anataka kumfuata baba. Hapo usingoje. Nenda kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, hulipii kitu. Eda haikuzuii kutoka kwa dharura kama hiyo, na ukiona uzito, muulize sheikh wako. Mwalimu wake wa darasa naye apelekewe habari wiki hii hii. Mwombe shemeji yako aende amweleze kilichotokea, pamoja na ile habari ya safari, ili siku mtoto akiwaambia wenzake baba amekufa, asionekane muongo.