Brokoli inachanua kabla ya kufunga kichwa

Dada wa Morogoro, brokoli yako inayotoa maua ya njano kabla ya kufunga kichwa haiumwi. Ni joto tu. Inapenda baridi, ndiyo maana Lushoto na Limuru inastawi. Kwako sia mbegu kitaluni Aprili, hamishia miche bustanini Mei, ili vichwa vifunge Julai na Agosti. Kata vitumba vikiwa bado vimebanana, kisha liache shina bustanini: litachipua vichwa vidogo pembeni.

Viwavi hujificha ndani ya kichwa, kwa hiyo kabla ya kupika kiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi. Na jamani, msiichemshe mpaka ikawa rojorojo! Kaanga kitunguu saumu, tia brokoli, nyunyiza maji kidogo, funika dakika 3. Kipande cha shina ulichokata pamoja na kichwa usikitupe, kimenye, ndicho kitamu zaidi.