Ada ya chuo kwa kuzima moto?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 20, niko Isevya, Tabora. Juzi banda la fundi seremala jirani yetu liliungua, tukamwaga maji kwa ndoo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Binamu yangu aliyeko New York anasema kule ukijitolea zimamoto unalipiwa ada. Kweli, au ananipiga kamba?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakudanganya. Marekani wazimamoto wengi ni wa kujitolea. Mlio ukisikika, mtu anaacha ugali wake (au chochote wanachokula) anakimbia. Vijana walipoadimika, ikabidi watafutiwe chambo. Jimboni New York, chama cha wazimamoto hao kimekuwa kikiwarudishia vijana ada ya chuo, mradi uwe hai kikosini na ufaulu. Chambo hicho nakipenda kuliko fulana na kofia zetu za uhamasishaji!

Huku kwetu ada omba Bodi ya Mikopo, na Zimamoto na Uokoaji ni jeshi la serikali: subiri matangazo ya ajira.

Lakini lile banda, lilikuwa na tina na vanishi? Basi maji yenu yaliutawanya moto. Ilitakiwa mchanga, na mmoja wenu apige 114 kabla ya kushika ndoo.