Ngege halisi utamjuaje?

Umeuliza kipimo cha DNA ni cha nini wakati mvuvi wa Mwanza anamjua ngege, yule perege wa asili wa Ziwa Victoria, kwa macho. Anamjua, ndiyo, mpaka damu ichanganyike. Sato, perege wa aina nyingine, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na huwa anazaana na ngege. Mkia wa sato una mistari ya wima, wa ngege hauna. Ila mjukuu wa chotara anaweza kufanana na ngege kabisa, hata wazoefu wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, wakadanganyika.

Hapo ndipo alama za vinasaba zinahitajika. Unakata kipande kidogo cha pezi, unakitia kwenye spiriti, samaki unamrudisha majini. Maabara inasoma sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya hao wawili. Bila hivyo utapandikiza machotara bwawani ukidhani umeokoa ngege.