Mshahara haujalipwa miezi mitatu, na funguo za stoo ninazo mimi

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni ya Muislamu mwenzetu. Huu ni mwezi wa tatu hatujapata mshahara. Tukimuuliza bosi anasema tuvumilie, biashara ngumu, na asiyeridhika mlango uko wazi kwani nje kuna watu tele wanaoitaka nafasi yake. Wakati huohuo amenunua gari jipya, na Ramadhani alitugawia vifurushi vya sadaka tukapigwa naye picha. Mwezi wa mwisho aliotulipa, aliwakata mshahara watu wote wanne wa zamu kwa sababu sanduku moja lilimponyoka mwenzetu wakati wa kupakia likapasuka. Baadhi yetu wameanza mgomo baridi: wanaingia, wanasaini, wanakwenda kulala nyuma ya mizigo. Mimi wananishauri nitoe bidhaa zenye thamani ya ninachodai, maana funguo ninazo na daftari naliandika mwenyewe. Je, nina ruhusa? Na nikimshitaki kwenye mamlaka za kazi, nitakuwa nimemsengenya ndugu yangu Muislamu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, ahali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, barua za aina hii hunijia zaidi mwisho wa mwezi, na karibu zote zimeandikwa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nianzie hapohapo. Wewe huombi msaada. Wewe unadai. Siku ulipomaliza mwezi wa kwanza wa kazi, mshahara ule ulitoka kwenye mali ya bosi wako ukawa deni juu ya shingo yake, sawasawa na deni la mtu aliyemkopesha pesa taslimu. Kuuita mshahara "hisani", au kukwambia ushukuru kwa kuwa una kibarua, hakubadilishi hukumu yake hata kidogo.

Na deni lenyewe si la kuchezea. Katika hadithi tukufu ya Qudsi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Allah anasema kwamba kuna watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemuajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Tazama alivyopangwa huyu wa tatu. Amewekwa ubavuni mwa mwenye kuuza mtu huru, na mnasaba upo: anayekutumikisha bila kukulipa amekufanya mtumwa kwa muda aliokutumikisha.

Mtume (s.a.w.) amesema pia kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni, huko ni kudhulumu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Hakusema "akikataa", amesema akichelewesha. Na ile hadithi mashuhuri ya Ibn Majah, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, wanazuoni wamezungumza juu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake haina mpinzani.

Sasa, bosi wako anasema biashara ngumu. Inawezekana ni kweli, na kama ni kweli Qur'ani imempa nafuu: "Na akiwa mwenye dhiki, basi apewe muda mpaka afarijike" (2:280). Lakini dhiki ina alama zake. Mwenye dhiki huwaita watu wake, huwafungulia hesabu, hulipa kidogo alichonacho na husema lini atalipa kilichobaki. Mwenye dhiki hanunui gari jipya. Tena hamwambii anayemdai kwamba mlango uko wazi! Mimi sipo hapo na sijamsikiliza yeye, kwa hiyo najibu kwa jinsi ulivyoeleza. Ila kama mambo ni kama ulivyoandika, hiyo ayah haimhusu.

Kuhusu vile vifurushi vya Ramadhani: sadaka ni jambo jema, lakini sadaka haifuti deni. Mtu anayegawa sunna mbele ya kamera huku faraidhi yake imelala kwenye droo amekwenda kinyumenyume. Na kama vilitokana na zaka, basi asije akavihesabu kuwa sehemu ya mishahara yenu, kwa kuwa zaka hailipi deni la mwenye kuitoa. Aliwahi kunijia mtu kuuliza masuala ya ihramu, safari ya Hija ilikuwa imekaribia. Katika mazungumzo nikamuuliza kama wafanyakazi wake amewalipa. Akacheka: "Wale watu wangu, wananielewa, nikirudi." Nikamwambia deni lililokwisha fika muda wake hutangulizwa, na kwamba hao anaosema wanamuelewa hajawauliza. Hatukuagana vizuri siku ile.

Nije kwenye sanduku lililopasuka, maana jambo hili watu wanalionea aibu kuliuliza na ndilo linalokula mishahara ya wanyonge kimyakimya. Wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wanasema mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana. Maana yake, kitu cha mwajiri kikiharibika mikononi mwako huku unafanya kazi yako kama ilivyo desturi, hudaiwi. Unadaiwa ukivuka mpaka au ukizembea: umerusha sanduku lililoandikwa lisirushwe, umeliacha kwenye mvua, umelibeba peke yako na umeambiwa libebwe na wawili. Bila ya hilo, hasara ni ya mwenye mali, kama faida ilivyo yake. Huwezi kuwa mshirika wa hasara pekee. (Fundi anayepokea kazi za watu mbalimbali, kama wa kushona au kutengeneza saa, ana mjadala wake kwa wanazuoni, wewe si katika hao.)

Na hata kama yule mwenzenu alizembea, wale watatu wamekatwa kwa lipi? "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine" (6:164). Makato ya jumla, ya "zamu nzima mtalipa", ni kula mali ya watu kwa batili. Fedha zile nazo ziandike katika unachomdai.

Lakini wewe hukuniuliza kuhusu yeye, umeniuliza kuhusu funguo.

Suala la mtu kudhulumiwa kisha akaipata mali ya aliyemdhulumu mikononi mwake lina jina katika fiqhi, linaitwa masuala ya dhafar, na wanazuoni wamekhitalifiana. Dalili kubwa ya wanaoruhusu ni Hindu bint Utba, aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha, naye akamwambia achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Madhehebu ya Imamu Shafi ni katika yaliyoupanua mlango huu kwa masharti. Wanaokataza wana hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi: "Mrudishie amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini." Na wapo waliopambanua, akiwemo Ibn al-Qayyim: sababu ya haki ikiwa wazi kwa kila mtu, kama matumizi ya mke, achukue, ikiwa imejificha, kama deni, asichukue, kwa sababu atakayemwona atamwita mwizi tu.

Nakwambia ninavyoona mimi, na sifichi kwamba wengine wanaweza kukujibu tofauti. Usichukue. Hindu hakupewa funguo za stoo kwa kuaminiwa, wewe umepewa. Wewe unadai fedha, ndani mna bidhaa: nani atazipangia thamani? Wewe. Nani atashuhudia umechukua kiasi gani? Wewe. Nani atahukumu kwamba imetosha? Wewe tena. Na ili daftari lilingane na kitakachoonekana stoo, itabidi kalamu yako iandike uongo, "imetoka" mahali ambapo haikutoka, au tarakimu nane igeuzwe kuwa tatu. Hata waliofungua mlango huu hawakumruhusu mtu azidishe chembe, wala hawakuhalalisha uongo wa kuandika. Isitoshe, huenda humo mna bidhaa za muuzaji wa jumla ambaye naye hajalipwa, na wenzako wote wana madai katika mali ileile; utakuwa umejilipa wa kwanza kutoka kwenye haki zao. Kisha siku utakapokamatwa, na watunza stoo hukamatwa, kesi ya mishahara ya watu wote itageuka kuwa kesi ya wizi wako. Bosi atakuwa amepata alichokikosa.

Mgomo baridi nao, ndugu yangu, una kasoro hiyohiyo. Anayesaini kwamba amefanya kazi kwa muda wa saa nane, na tano kati ya hizo amelala, anatoa kipimo kisichojaa. Suratul Mutaffifin inawatishia wale ambao wakipokea hupokea kamili na wakipima hupunguza. Sisi makhatibu tumezoea kuisoma kwa wenye maduka, tukasahau kwamba kuna wenye mizani ya saa. Hii haina maana kwamba mnalazimika kuendelea kutoa jasho bila malipo. Mwajiri asipolipa kwa wakati mliokubaliana amevunja sehemu yake ya mkataba, nanyi mna haki ya kusimamisha kazi waziwazi: mkamwandikia kwamba kuanzia tarehe fulani hatuingii mpaka tulipwe, au kila mmoja akaomba kuondoka na kudai stahiki zake. Tofauti kati ya hili na kulala nyuma ya mizigo ni kwamba hapa hamjamdanganya. Fuateni tu utaratibu wa sheria, wa notisi na mengineyo, usije ukawapotezea haki.

Ama kumshitaki, hofu yako ni ya mtu mcha Mungu lakini haipo mahali pake. Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na ya kwanza kabisa ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake. Na Qur'ani yenyewe imesema Allah hapendi maneno mabaya kutangazwa isipokuwa kwa aliyedhulumiwa (4:148). Masharti yaliyomo katika sheria za kazi, yaani likizo, malipo ya saa za ziada, usalama kazini, matibabu ya aliyeumia, aliyakubali siku aliyowaajiri, hata kama hamkuyataja. Kanuni ya wanazuoni ni kwamba kinachojulikana kwa desturi ni kama kilichoshurutishwa kwa ulimi. Kwa hiyo kwenda kwenye mamlaka ya kazi, au kwenye chama cha wafanyakazi kama kipo, si kuiacha dini ukashika sheria za watu. Ni kumtaka atimize mkataba, na "Enyi mlioamini, timizeni mikataba" (5:1) ni amri iliyomfikia yeye pia. Sema yaliyotokea tu. Miezi mitatu iwe mitatu, usiifanye minne. Na habari za nyumbani kwake hazihusiki.

Kabla ya hapo mpe nafasi moja ya mwisho, kwa maandishi na kwa adabu. Huenda akisoma kisa cha watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kilichomo katika Bukhari na Muslim, atazinduka. Kila mmoja alimwomba Allah kwa amali yake njema ili jabali lisogee, na wa tatu wao alikuwa mwajiri. Mfanyakazi wake mmoja aliondoka akaacha ujira wake, nao ulikuwa nafaka. Yeye hakuutia mfukoni, aliupanda na kuuzungusha mpaka ukawa mifugo. Miaka ikapita, mtu akarudi: mche Allah, nipe haki yangu. Akaonyeshwa kundi zima, akadhani anafanyiwa mzaha. Akalichukua lote asiache kitu, na kwa amali hiyo jabali likamaliza kufunguka. Nimeitoa hotuba hii mara nyingi, na kila mara waajiri huwa wamekaa safu ya mbele, wanatikisa vichwa kwa kuguswa.

Kwa upande wako, fanya hivi wiki hii. Mkae mnaodai, kila mtu aandike miezi yake, kiwango chake na makato aliyokatwa, mtie saini. Ukiamua kuacha kazi, au mkisimamisha kazi pamoja, usiondoke na funguo mfukoni, maana watu wengi wameharibikiwa hapo. Omba stoo ihesabiwe mbele yako na mbele ya mtu wa pili, mlango kwa mlango, rafu kwa rafu, idadi iandikwe, bosi au mwakilishi wake asaini, ndipo ukabidhi. Akikataa kuhesabu, andika kwamba amekataa, tarehe na saa, na mashahidi wawili waliokuwepo waweke majina yao chini.

Wallahu a'lam.